Kitabu cha Darasa la Ngapi

Neno darasa lilipoingia katika lugha yetu kutoka Kiarabu lilikuwa na maana ya somo, yaani jambo lisomwalo. Halikuwa na maana ya chumba, wala ya umri. Katika vyuo vya Kurani vya pwani watoto huketi juu ya jamvi moja, mkubwa na mdogo, na kila mmoja husoma mahali pake: huyu angali katika alifu na bee, yule amefika juzuu ya amma, na mwingine anakaribia kuhitimu. Mwalimu akitaka kumjua mtoto humwuliza amefika wapi. Shule ya serikali huuliza swali jingine, nalo ni, uko darasa la ngapi? Kwa watoto walio wengi maswali haya mawili hupata jibu moja, na kwa sababu hiyo tofauti yake haionekani. Lakini kwa mtoto aliyechelewa kujua kusoma majibu huachana njia, na mtu anayetaka kumsomesha mtoto huyo nyumbani hukwama katika jambo la kwanza kabisa, yaani kuchagua kitabu.

Mimi nilikwama hapo mwaka 2020. Tarehe 17 Machi mwaka huo serikali ilitangaza kufungwa kwa shule kwa ajili ya maradhi ya korona, na siku ya pili yake vyuo vikuu navyo vikafungwa. Nilifunga mizigo nikaenda kwa mama yangu Kinole, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, safari itokayo Morogoro ikapita Kiroka na Mkuyuni kisha ikapanda. Masika yalikuwa yamekwisha kushuka. Ukungu ulikaa juu ya migomba mpaka saa nne, njia zilikuwa utelezi mtupu, na vijito viliteremka kwa kelele kwenda kuingia Ruvu, ambayo watu wa Dar es Salaam huinywa kutoka mabombani bila kufikiri ilikotoka. Nyumbani nilimkuta mpwa wangu, mvulana wa miaka 11, mwanafunzi wa darasa la nne, ambaye alikuwa hajui kusoma.

Msomaji asiye wa kwetu hana budi kuambiwa kwamba Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Jina la Kingalu, mtawala na mwombaji mvua ambaye makao yake ni hapo hapo Kinole, hurithiwa kwa njia hiyo. Mjomba kwa desturi yetu ana sauti katika mambo ya mpwa wake, na akinyamaza huulizwa kwa nini amenyamaza. Basi dada yangu aliposema, "Kaka, mtoto huyu ni wako, na mwalimu wa Kiswahili ni wewe," hakuwa akiomba hisani. Alikuwa akinikumbusha deni. Akaongeza neno lenye ukali kidogo, kwamba hakuona faida ya udaktari wa Kiswahili katika nyumba ambayo mtoto hawezi kusoma karatasi ya dawa ya bibi yake.

Nilimpa kitabu chake cha Kiswahili cha darasa la nne. Akafungua ukurasa, akasoma aya nzima kwa sauti nzuri, akipumzika penye vituo. Dada yangu akanitazama kama mtu aliyeanza kujuta kwa kumsingizia mwanawe. Nikaweka kiganja changu juu ya picha, nikamwomba mtoto anisomee mstari wa mwisho, kisha ule ulio juu yake, kisha wa juu yake tena. Akanyamaza. Alikuwa amehifadhi. Mtoto awezaye kuhifadhi kurasa nyingi kwa kuzisikia mara chache darasani hawezi kuitwa mjinga. Alikuwa ametumia akili nyingi sana kwa muda wa miaka mitatu kujenga ukuta wa kuficha jambo moja. Hesabu alizijua barabara. Alikuwa akifuatana na bibi yake sokoni, akijumlisha bei za mikungu ya ndizi kichwani na kurudisha chenji pasipo kupunjwa wala kupunja. Katika yale mambo matatu ambayo mtaala wa 2015 uliyaweka kuwa ndiyo kazi kubwa ya darasa la kwanza na la pili, kusoma, kuandika na kuhesabu, yeye alikuwa nalo moja kamili, na mengine mawili alikuwa nayo kwa kuigiza.

Nikaandika silabi katika karatasi, bila picha na bila hadithi, ili nijue amefika wapi. Irabu zote tano alizijua. Konsonanti kama nane alizijua zikifuatwa na irabu: ba, ka, la, ma, na, pa, sa, ta na ndugu zake. Penye sauti mbili zilizoungana aliacha moja. Ndizi aliisoma dizi. Neno mgomba lilimshinda kwa sababu ya herufi ile ya kwanza, maana alikuwa amefundishwa kwamba kila silabi huishia kwa irabu, naye akaitafuta irabu ya m asiione. Mbwa na nywele hakuzigusa. Kwa kipimo hicho alikuwa katika mwezi wa nne au wa tano wa darasa la kwanza.

Hapa nitasimama kidogo, kwa kuwa jambo lenyewe lina maana kwa watu wa lugha. Kiswahili huandikwa kama kinavyosemwa, na mtoto akikwisha kujua sauti na silabi mlango umefunguka. Utafiti uliotolewa mwaka 2003 juu ya lugha 13 za Ulaya ulionyesha kwamba watoto wa lugha ziandikwazo hivyo, kama Kifini, waliweza kusoma karibu kila neno walilopewa mwisho wa mwaka wa kwanza wa shule, ilhali watoto wa Kiingereza waliachwa nyuma sana kwa sababu ya tahajia yao. Na Wafini huanza shule na miaka saba, kama ilivyokuwa kwetu wakati ule. Hii ni neema kwa lugha yetu, lakini ina ubaya wake ambao sijauona ukitajwa mara nyingi. Kwa kuwa mlango ni mwepesi, aliyebaki nje hudhaniwa mvivu au mpumbavu. Mtoto wa Kiingereza akichelewa, watu huilaumu tahajia. Mtoto wetu akichelewa hakuna cha kulaumiwa ila yeye mwenyewe, na kwa hiyo hujifunza kuficha mapema.

Wala hakuwa peke yake. Tangu mwaka 2010 watafiti wa Uwezo walipita nyumba kwa nyumba nchini, wakiwapa watoto wa miaka 7 hadi 16 karatasi za namna moja, zenye kiasi cha darasa la pili, bila kujali mtoto anasoma darasa gani. Walikuta watoto wengi wa madarasa ya juu wasioweza kuisoma hadithi ya darasa la pili. Mpango ule uliofanya kazi kubwa India kwa mikono ya watu wa Pratham, wa kuwapanga watoto kwa kadiri wanavyoweza kusoma na si kwa umri wao, umezaliwa katika uvumbuzi wa namna hiyo. Kwa maneno mengine, India walirudi katika jamvi la chuo cha Kurani, pasipo kujua kwamba lipo.

Basi kitabu kipi? Katika nyumba yetu palikuwa na mashauri matatu. Dada yangu alitaka kitabu cha darasa la nne. Hoja yake haikuwa ya kiburi. Mwisho wa mwaka kulikuwa na upimaji wa kitaifa wa darasa la nne, ambao mtoto asipoushinda hurudia darasa. Kila siku itakayotumika kwa "ba be bi bo bu", alisema, ni siku iliyoibwa katika upimaji huo. Mama yangu alisema aanzie mwanzo. Jirani yetu, mwalimu mstaafu, alishauri mtoto akatolewe katika darasa lake, atiwe katika MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa watoto walioikosa, ulioanza kujaribiwa katika wilaya chache mwaka 1997, na ambao huwagawa wanafunzi mafungu mawili, walio chini ya miaka 14 na wale wa 14 hadi 18. Kila mmoja alikuwa na methali yake. Dada alisema, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Mama alijibu, kawia ufike. Nimezifundisha methali zetu kwa miaka mingi, na siku ile nilikumbuka tena kwamba methali ni wakili wa kukodi. Humtetea kila amlipaye.

Shauri la mama lilikuwa rahisi kutekelezwa kwa kuwa kitabu cha darasa la kwanza kilikuwamo nyumbani. Binti mdogo wa dada yangu, mwenye miaka saba, alikuwa amesoma miezi miwili na nusu tu kabla ya shule kufungwa, na tayari alikuwa akiunganisha silabi kwa sauti ya juu akizunguka ua, jambo ambalo kaka yake alilisikia kama mtu asikiavyo jino likimwuma. Nilikichukua kitabu cha binti huyo, nikataka kumpa mvulana. Mama akaniondolea mkononi.

"Nimesema aanzie mwanzo," akaniambia. "Sikusema aanzie hiki."

Nilimwuliza kuna tofauti gani. Akanieleza habari ambayo nilikuwa nimeisikia utotoni bila kuisikiliza. Yeye mwenyewe alijua kusoma akiwa mtu mzima, na watoto wawili tayari. Usiku wa tarehe 31 Desemba 1969 Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika miaka iliyofuata kisomo kilifika mpaka huku milimani. Kabla ya hapo barua za mume wake aliyekuwa kazini mbali zilisomwa na kijana wa jirani, na siri za nyumba yake zilikuwa zikijulikana kisimani kabla hajamaliza kuzikunja. Hilo ndilo lililompeleka kisomoni. Walikaa jioni chini ya mfenesi, wanawake wengi na wanaume wachache, wakaanzia kwenye silabi kama watoto. "Lakini hakuna aliyetupa kitabu cha watoto," alisema. "Kilikuwa na jembe na mazao. Nilikuwa sijui herufi, lakini kitabu kilijua kwamba mimi ni mama wa watu."

Sikuhitaji ushahidi zaidi, ingawa upo. Mradi wa kisomo chenye manufaa ulioanza mwaka 1968 katika mikoa ya ziwa, kwa msaada wa UNESCO, ulitunga vitabu vya kwanza vya kusoma kwa kufuata kazi za watu: pamba kwa wakulima wa pamba, ndizi kwa wenye migomba, ng'ombe kwa wafugaji, samaki kwa wavuvi. Silabi zilikuwa nyepesi. Habari ilikuwa ya mtu mzima. Na mtihani wa taifa wa kisomo wa mwaka 1975 haukumwuliza mtu umri wala miaka aliyokaa darasani. Ulimweka katika mojawapo ya madaraja manne kwa lile aliloweza kusoma na kuandika mbele ya karatasi. Mwaka huo wasiojua kusoma walihesabiwa kuwa asilimia 39 ya watu wazima, nao mwanzoni mwa kazi walikuwa wamepita nusu sana. Watu wa uchumi wamezijadili hesabu hizo, na zina mahali pa kujadiliwa. Mimi nachukua katika habari hiyo kitu kimoja tu, kwamba uzito wa silabi na uzito wa habari ni mizani miwili.

Tangu hapo nikaona kwamba swali letu liliulizwa vibaya. Tulikuwa tukitafuta daraja la mtoto kana kwamba analo moja. Macho yake yalikuwa darasa la kwanza. Masikio yake yalikuwa darasa la nne, na pengine yamelipita. Aibu yake ilikuwa ya mtu mzima kabisa. Kitabu cha darasa la nne kingeyaonea macho. Cha darasa la kwanza kingeyatukana masikio na kuichochea aibu. Nasikia kwamba wauzaji wa mitaala ya kusomesha nyumbani, ambayo baadhi ya jamaa za mijini huinunua kutoka ng'ambo, humpima mtoto kwanza kisha huweza kumpa kitabu cha kusoma cha daraja hili na cha hesabu cha daraja lile. Wana haki katika hilo. Lakini hata wao, wakikwisha kupima kusoma, humpa mtoto kitabu chenye bata na mpira.

Basi nilinunua daftari kubwa lisilo na picha wala jina la darasa, nikalijaza mwenyewe kwa kalamu. Asubuhi ilikuwa ya macho. Hatukupita nusu saa, kwa sababu macho yanayofanya kazi ngumu huchoka upesi kuliko miguu. Ngazi ya kupandia niliipata shambani. Kinole ni nchi ya matunda na viungo, na majina ya mazao yake, nilipoyaandika katika mstari, yalijipanga yenyewe kutoka jepesi mpaka gumu. Pilipili ina silabi mbili tu zilizorudiwa. Papai na mananasi hayana fumbo. Karafuu huleta irabu ndefu mwishoni. Ndizi na embe huleta sauti zilizoungana. Mgomba, mkungu na mdalasini huleta ile m isimamayo peke yake kama silabi kamili, nasi tulikaa hapo siku sita, tukiipigia makofi: m-go-mba, makofi matatu. Mashelisheli ni neno refu lakini ni la huruma, maana lina she na li mara mbili. Machungwa ndiyo kilele. Alipoweza kuisoma ngwa bila kuivunja nilijua kwamba mbwa na nywele hazitamshinda.

Aya za kusoma nilitunga kwa silabi nyepesi na habari nzito. Moja ilianza hivi: "Wazee walikataa." Mtazame, msomaji, jinsi maneno hayo mawili yalivyo mepesi machoni, hayana hata sauti moja iliyounganishwa, na habari yake si ya mtoto mdogo. Wakati wa ukoloni, kuanzia mwaka 1950, watu wa Uluguru walishurutishwa kukata ngazi katika miteremko ya mashamba yao ili udongo usichukuliwe na maji. Kazi ilikuwa kubwa, faida haikuonekana, na Julai 1955 ghasia zilitokea Matombo, mwendo usio mrefu kutoka kwetu; mpango ule ukaachwa. Mpwa wangu aliisoma aya hiyo kwa siku mbili, kidole juu ya karatasi, na alipomaliza akauliza ni wazee gani, na kama walipigwa, na kwa nini serikali haikuwauliza kwanza. Maswali hayo hayako katika kitabu cha darasa la kwanza wala cha la nne. Kisha akairudia aya mwenyewe, bila kuamrishwa, ili ahakikishe kwamba hakuruka neno. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akirudi katika maandishi ili kupata kitu, kwa kuwa zamani alirudi ili kuficha.

Jioni ilikuwa ya masikio. Nilimsomea kwa sauti vitabu vya darasa lake, vya Sayansi na Teknolojia, Maarifa ya Jamii, Uraia na Maadili, naye alijibu kwa mdomo. Vipindi vya masomo vilivyotangazwa katika redio wakati ule vilimfaa kuliko vilivyowafaa wenziwe, maana redio haimwulizi mtu kama anajua kusoma. Katika majibu ya mdomo alikuwa mwepesi mno. Alieleza mmomonyoko wa udongo kwa kunionyesha shamba la jirani, akataja mahali ambapo maji yatapita mwaka ujao. Kama ningaliyaacha masikio hayo yalale wiki tisa ili macho yayafikie, ningalimpotezea mtoto chakula chake halisi.

Dada yangu hakuridhika, na sitaificha hoja yake kwa kuwa ilikuwa na nguvu. Upimaji, alisema, hauna masikio. Karatasi haitamwuliza aeleze shamba la jirani. Kwa maoni yake, mpango wangu ulikuwa mzuri kwa mtoto asiye na mtihani. Tulibishana jioni nyingi, na makubaliano yetu yalikuwa haya: kwamba mtoto akiweza kusoma ukurasa mmoja asioujua, kutoka chini kwenda juu, bila kuacha sauti, siku hiyo daftari litafungwa na kitabu cha darasa la nne kitarudi mezani. Hakutaja tarehe, nami sikutaja. Ilikuja katika wiki ya mwisho ya Mei, siku tatu kabla sijaondoka. Alisoma polepole sana. Lakini alisoma.

Vyuo vikuu vilifunguliwa tarehe 1 Juni nikarudi kazini. Shule za msingi zilifunguliwa tarehe 29 ya mwezi huo, na katika wiki zile nne za katikati mama yangu ndiye aliyekaa naye, msomaji wa kisomo na msomaji wa redio, wote wawili wakifuata mstari kwa kidole. Hapo ndipo shauri la mwalimu mstaafu lilipojadiliwa kwa makini, pamoja na jingine alilolitoa dada yangu, la kumweka mtoto nyumbani mwaka mzima nimtafutie mwalimu. Hili la pili sheria hailiruhusu. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilimtaka mtoto aliyetimiza miaka saba aandikishwe shule na ahudhurie. Kuhusu kumshusha darasa tulifanya hesabu. Akishushwa mpaka darasa la pili, lililofaa macho yake, atamaliza la saba mwaka 2025 akiwa na miaka 16. Akibaki la nne atamaliza mwaka 2023 akiwa na 14. Miaka miwili si kitu kwa mtu aliye chuoni. Kwa mvulana wa Kinole ambaye bega lake limekwisha kuwa imara kubeba mkungu wa ndizi mpaka barabarani, na ambaye mwezi Machi aliniambia kwamba atachuma karafuu na shule hana haja nayo, miaka miwili ndiyo tofauti kati ya kumaliza na kutoroka. Nilisema abaki la nne. Mama alikubali, na mwalimu mstaafu akasema kwa adabu kwamba angali na mashaka. Mashaka yake yalikuwa ya haki, maana MEMKWA imewafaa wengi ambao wangekwama kabisa, na mtoto mwenye umri wa miaka 13 au 14 asiyejua silabi ningalimpeleka huko bila kusita.

Novemba 2020 aliufanya upimaji, akavuka kwa alama ndogo. Kiswahili alipata wastani, hisabati vizuri, Kiingereza vibaya. Mwaka 2023 alimaliza darasa la saba. Hadi leo husoma polepole, na katika mtihani wenye maandishi marefu muda humwishia kabla ya maarifa. Wataalamu wa lugha zenye tahajia nyepesi wameeleza kwamba mtoto mwenye taabu ya kusoma katika lugha hizo hukosea kidogo lakini huchelewa sana, na mimi nimeliona hilo kwa macho yangu. Mwalimu asiyelijua humwona mtoto wa namna hiyo kuwa amepona.

Mwaka 2024 aliingia kidato cha kwanza, na vitabu vyote, isipokuwa vya Kiswahili na vichache vingine, vikawa vya Kiingereza. Lugha ile iliyokuwa ya nyuma katika utafiti wa 2003 sasa ndiyo inayombebea elimu ya viumbe, jiografia na hesabu. Alianza kuisoma kwa uaminifu wa mtu wa Kiswahili, herufi kwa herufi, na neno la Kiingereza la kisu likatoka kinywani mwake na k yake na n yake zote mbili. Daraja za macho na za masikio zimeachana tena, na safari hii hata masikio hayako juu. Dada yangu anataka tushike vitabu vya kidato. Mama yangu hana Kiingereza, lakini amesema neno lake lile lile. Tumeanza na orodha ya maneno arubaini yasiyosomwa kama yaandikwavyo, ambayo mtoto huyaandika mwenyewe katika daftari, na kitabu cha Kiingereza cha darasa la tatu, ambacho nimekivua jalada.